Siku ya wakaazi Tudor mwisho wa kipupwe: tarehe, usafi wa ufuo, bao na pilau ya watu 150

Mwana wa Tudor

Salaam aleikum wanajamvi. Kamati ya mtaa wetu, Tudor ya Mombasa upande wa majini, imekubaliana tufanye siku ya wakaazi kabla kipupwe hakijatutoka na watoto hawajarudi shule, yaani Jumamosi moja ya Agosti. Twakisia watu 150: wazima kama 90 na watoto 60. Mfukoni tuna shilingi 60,000, mdhamini hatuna.

Yaliyopendekezwa ni usafi wa ufuo, kupanda miche 500 ya mikoko, mashindano ya bao, michezo ya watoto, kupima presha na sukari, kisha pilau na kahawa jioni. Uwanja wa shule uko hatua chache kutoka majini na mwalimu mkuu amekubali kwa mdomo.

Tuchague Jumamosi ipi? Vibali vipi ni vya lazima na vipi ni heshima tu? Na haya yote yaingia kweli siku moja? Nipeni vipimo na idadi. "Mtafanikiwa inshallah" tumeambiwa tayari na kila mtu.

Maji Kupwa

Kaka, kabla hujamwalika mtu yeyote hesabu mwezi wa mwandamo. Mombasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu na siku moja mbili baadaye, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu, siku za maji mafu, saa hugeuka: saa nne asubuhi maji yamefika kwenye mikoko, na kupwa ni saa kumi jioni. Kila siku saa zasogea mbele kama dakika 50. Halafu bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, lakini maji mafu tofauti ni kama mita moja tu, kwa hivyo hata yakipwa ufuo hauonekani wote.

Kwa usafi basi tafuta Jumamosi iliyoangukia tarehe 1 hadi 3 au 15 hadi 17 ya mwezi wa Kiislamu. Hakikisha kwa jedwali la maji la Halmashauri ya Bandari: kwenye siku yako tafuta maji ya asubuhi yaliyoandikwa chini ya mita 0.6. Anzeni saa mbili maji yakiondoka, mfuate ukingo wake kushuka, saa nne na nusu muwe mmetoka. Huko ndani ya mkondo maji huchelewa kidogo kuliko yanavyosema makaratasi ya bandari ya Kilindini, lakini msilitegemee hilo.

Kosa linalorudiwa kila mwaka pwani yote hii: watu wanajaza gunia, wanazipanga vizuri ufuoni, wanapiga picha, wanakwenda kula. Saa kumi maji ya bamvua yamezifikia gunia zile zile, na zikipasuka takataka zarudi zilikotoka. Mkokoteni au lori liwe limeshalipwa na limesimama pale saa nne. Kama halijafika, gunia zipandishwe juu ya mstari wa mwani mkavu, kwa sababu mstari ule ndio alama ya maji yalipofika mara ya mwisho.

Upepo nao. Agosti kusi bado ina nguvu na huzidi kuanzia adhuhuri. Hema la kukodi lililofungwa kwa vigingi vya inchi kumi kwenye mchanga wa Tudor litaruka. Kila mguu ufungiwe gunia la mchanga la kilo 50, na pazia la upande wa kusini ulishushe au uliondoe kabisa. Likiachwa nusu hugeuka tanga. Mvua si ya kutisha wakati huu, manyunyu ya asubuhi na yakapita, ila mchele na spika viwekwe juu ya meza.

Akitokea mjumbe akasema muongeze mashindano ya ngalawa, mwambieni Oktoba au Novemba wakati wa matlai, kusi ikishapoa. Nje ya mwamba sasa bahari haijatulia.

Mwana wa Tudor

Shukran sana. Jumamosi tuliyokuwa tumeichagua imeangukia mwezi nusu! Tungefika na gunia tukute maji magotini. Tumesogeza wiki moja. Sasa watoto: Jumamosi asubuhi wengi wako chuoni, yaani madrasa, hadi adhuhuri. Wawekwe wapi?

Karani wa Mtaa

Waache chuoni, wamalize. Usafi wa tope si kazi ya mtoto wa miaka sita hata hivyo. Michezo yao iwekwe baada ya chakula, uwanjani, kwa sababu kwa bamvua hiyo saa kumi ufuo hamtakuwa nao. Pangeni siku kwa adhana: adhuhuri karibu na saa sita na nusu, alasiri kama saa tisa na dakika arobaini, magharibi kama saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Kila adhana spika inazimwa dakika chache kabla. Mpeni kazi hiyo mtu mmoja mwenye saa. Mkimwachia DJ mtasikia adhana na muziki pamoja, na lawama zitawafuata mwaka mzima.

Karatasi sasa. Kwa mikutano ya hadhara, Sheria ya Utaratibu wa Umma, Sura ya 56, yataka mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, na mkutano uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Shughuli za kijamii na burudani tupu sheria hiyo imeziweka kando. Hata hivyo pelekeni barua, nakala mbili, moja igongwe muhuri murudi nayo. Iandikwe jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na mahali. Sababu ni moja: akitokea mwanasiasa akashika maikrofoni, burudani yenu imegeuka mkutano, na hapo barua ile ndiyo itakayowasitiri. Nakala kwa chifu na mzee wa mtaa ni heshima, lakini heshima isiyokwepeka.

Kukubali kwa mdomo kwa mwalimu mkuu hakutoshi. Uwanja una bodi ya shule. Barua itaje idadi ya watu, vyoo mtakavyotumia, nani atafagia, na saa ya kukabidhi funguo.

Sauti ndiyo huwashinda wengi. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kiwango cha desibeli 50 nje ya nyumba za watu mchana, na 35 kuanzia saa mbili na dakika moja usiku. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika karibu 60, kwa hivyo spika yoyote imeshavuka. Ombeni kibali cha sauti kwa idara ya mazingira ya kaunti mapema, wiki mbili kabla. Spika zitazame majini. Kusi hubeba sauti kuelekea kaskazini, basi jukwaa likikaa upande wa kusini wa uwanja majirani wa nyuma yake watasikia kidogo, ila wa mbele ndio mtakaowaombea radhi nyumba kwa nyumba.

Jambo la mwisho kwangu: hakuna fulana za mgombea, hakuna bango la mgombea. Hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kamati mapema, kwa maana siku yenyewe hakuna atakayethubutu kumkatalia mheshimiwa.

Miti ya Chumvi

Hiyo miche 500 iondoeni kwenye orodha. Nasema kwa upole kwa sababu najua nia ni njema.

Mikoko yote ya pwani ni msitu wa serikali tangu 1932. Huwezi kuchimba wala kupanda bila kuzungumza na Huduma ya Misitu, na mara nyingi pana chama cha jamii cha msitu kinachosimamia sehemu ile. Hao wana vitalu na wanajua tope lipi lapokea mti upi. Hilo la pili ndilo kubwa. Mlilana hukaa mbele kabisa, maji yanapoupiga kila siku. Mkoko wenyewe hufuata nyuma yake kwenye tope laini, kisha mui na mkandaa, na mchu huvumilia chumvi nyingi ya huko juu ingawa wauona pia mbele. Kikundi kisichojua huchukua mbegu ndefu za mkoko, kwa kuwa ni rahisi kuokota na kuchomeka, kikazipanda kwenye tope tupu la mbele ambapo hapakuwa na mti. Mawimbi huzing'oa, chaza wadogo hujibandika kwenye shina mpaka likainama, na miezi mitatu baadaye pana vijiti tu. Mahali pasipo mti aghlabu pana sababu ya kutokuwa na mti.

Kama chama kitawakubalia, pandeni 100, kwa watu kumi waliofunzwa siku moja kabla. Umbali mita moja kila upande. Mbegu ya mkoko yashindiliwa theluthi moja tu ya urefu wake, upande uliochongoka chini. Ukiizamisha sana huoza, na ukiigusisha tu maji ya jioni yataondoka nayo. Mche wa kitalu utolewe kwenye kiriba chake, na viriba vihesabiwe: 100 viliingia, 100 vitoke. Kisha andikeni majina ya watakaorudi baada ya mwezi na baada ya miezi mitatu. Wasipopatikana, msipande.

Usafi wenyewe ndio kilimo bora zaidi cha mikoko mnachoweza kufanya kwa asubuhi moja. Matambara na mifuko hujizungusha kwenye miche iliyoota yenyewe na kuivunja kila maji yakivuta. Msiivute kwa nguvu, mche utakuja nayo. Kateni kwa mkasi. Kila kikundi cha watu wanne kiwe na mkasi mmoja.

Watu 40 wanatosha, wawili wawili kwa gunia moja: mmoja ashike, mwingine atie. Wekeni gunia 50. Glovu za mpira mzito za bustani, za hospitali zitapasuka ndani ya dakika kumi. Viatu vya kufunga kamba au buti. Ndala hubaki topeni, na mizizi ya pumzi ya mchu na maganda ya chaza hukata nyayo vibaya. Pawe na mtu mmoja mwenye ndoo ya kifuniko kwa sindano na vioo, na wengine wote wasiviguse, wamwite yeye.

Chupa za plastiki zitengwe hapo hapo, zitolewe maji, zifunguliwe vifuniko, zibanwe. Wanunuzi hupima kwa kilo na huzikataa zikiwa na mchanga ndani. Zilizobaki zaenda jaa la Mwakirunge, na hilo mwafikiane na kaunti kabla, maana mkokoteni haufiki Mwakirunge.

Mtoto wa Kaloleni

Lakini vijana huja kwa ajili ya kupanda miti, si kuokota pampasi. Ukiondoa mikoko utabaki na wazee wa kamati peke yao.

Miti ya Chumvi

Basi waleteeni mizani ya kuning'iniza, ya kilo 50. Vikundi vinne, ubao mmoja wa matokeo, kila gunia likipimwa jina la kikundi litangazwe. Gunia lenye mchanga au maji lapunguzwa kilo 5 kama adhabu. Utashangaa pampasi zitakavyogombewa.

Na maji ya kunywa yaje kwa mitungi ya lita 20 yenye mfereji, minane yatosha watu 150, kila mtu na kikombe chake. Mifuko ya nailoni ya kubebea imepigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, na plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa fuoni tangu 5 Juni 2020. Kikundi cha usafi kilichokuja na katoni za chupa za maji kinachekesha.

Kete Sitini na Nne

Nimengoja mtu ataje bao vizuri, sijaona. Yakhe, bao ndilo litakalowaketisha wazee asubuhi ile vijana wakiwa topeni, kwa hivyo lipewe hema na viti vya kuegemea, lisitupwe kwenye kona ya jua.

Wachezaji 16, mbao 4, mtoano. Mechi moja ipewe dakika 40. Duru ya kwanza ina mechi 8, kwa mbao nne ni zamu mbili; robo fainali zamu moja, nusu moja, fainali moja. Zamu tano mara dakika 40 ni saa tatu na dakika ishirini. Mkianza saa tatu kamili asubuhi mnamaliza saa sita na dakika ishirini, adhana ikikaribia. Wachezaji wakizidi 16 msiongeze duru, fanyeni mchujo siku za nyuma barazani.

Mzozo wa bao hauanzi kwenye kete, huanza kwenye sheria ambazo hazikutangazwa. Kabla ya mechi ya kwanza mwamuzi asome kwa sauti: tunacheza bao la Kiswahili, nyumba, yaani shimo kuu, ina kete 6, mashimo mawili ya kulia kwake kete mbili mbili, na 22 mkononi za kunamua, yaani kutia moja moja. Takasia, ile ya kumfungia mwenzio shimo, inatumika au haitumiki? Nyumba ikifikiwa na kete yenye mtaji, yaani ya kula, mchezaji aruhusiwa kusimama au ni lazima asafiri? Mkono ukiachia kete imekwenda, au hadi aseme? Kila mtaa una jibu lake, na wazee wa Mji wa Kale hawachezi sawasawa na wa Likoni. Jibu lolote ni sawa mradi limetangazwa kabla.

Muda ukiisha kabla hajashindwa mtu, hesabuni kete za kila upande. Mwenye nyingi apite. Si haki kamili, maana mwenye kete nyingi za nyuma aweza kuwa karibu kufa mbele, lakini bila hiyo mechi mbili za mwanzo zitakula asubuhi nzima.

Komwe, ndizo kete zenyewe, zihesabiwe kabla ya kila mechi, 64 kila ubao, na ziwepo 20 za akiba mfukoni mwa mwamuzi. Kete ikipungua katikati hakuna njia ya kujua imetoka shimo lipi, mechi huanza upya na mwenye kuongoza hukasirika kwa haki. Watazamaji wakae hatua mbili nyuma. Atakayenong'ona "hapo pana mtaji" atolewe hemani mara ya kwanza, bila onyo, hata akiwa nani.

Kwa watoto alasiri kuna bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, mashimo yote 32, hakuna kunamua. Huisha upesi na mtoto wa miaka minane huliweza.

Kina mama nao msiwaache jikoni tu. Kukuna nazi: mbuzi za aina moja, nazi iliyopasuliwa tayari, dakika tatu, kisha nazi iliyokunwa ipimwe kwa mizani ya jikoni. Ukionekana weusi wa kifuu kwenye sinia, gramu 20 zakatwa. Nazi inakwenda kwenye tui la kesho, hakuna kinachopotea. Wanaume wanaojigamba waruhusiwe kushiriki, ili wafundishwe.

Bi Sufuria

Mwanangu, pilau jioni ni kosa. Watu waliotoka topeni saa nne na nusu hawatakungojea mpaka magharibi. Pakua saa saba na nusu, wakitoka kuswali. Jioni pawe na kahawa na kashata.

Mtu mzima mpimie gramu 120 za mchele mkavu, mtoto gramu 70. Kwa hesabu yako ni kilo 10.8 na kilo 4.2, jumla kilo 15. Nyama ya ng'ombe ya mfupa kilo 15 pia, au 11 ikiwa steki. Viazi 7, vitunguu maji 5, mafuta lita mbili na nusu, thomu na tangawizi gramu 400 kila kimoja. Bizari nzima gramu 220, mdalasini 50, pilipili manga 50, iliki 30, karafuu 20. Karafuu usizidishe kwa kuwa umati ni mkubwa, itakuwa dawa ya meno. Chumvi anza na gramu 250, onja supu kabla ya kutia mchele: iwe imezidi kidogo ulimini, mchele utaipoza.

Usipike kwenye sufuria moja. Kilo 15 pamoja chini zaungua na juu zina kiini. Tumia mbili za lita 50, kilo saba na nusu kila moja, na wapishi wawili.

Maji ndipo wengi huharibu. Wanachukua kipimo cha nyumbani, vikombe viwili kwa kimoja, wanakizidisha mara kumi na tano na wanapata bokoboko. Sufuria kubwa iliyofunikwa hupoteza mvuke kidogo. Kwa pishori aliyeroweka nusu saa, lita moja na robo hadi moja na nusu kwa kilo, na supu ya nyama ihesabiwe humo humo. Ndiyo maana nyama uichemshe kando, uitoe, supu uipime kwa jagi, ndipo ujue maji ya kuongeza. Mchele ukishanyonya na vishimo vikaonekana juu, punguza kuni, palia makaa juu ya kifuniko, dakika 30 hadi 40, na usichungulie. Geuza mara moja tu kutoka pembeni kwa mwiko bapa.

Nyama iingie motoni saa tatu. Kuni ziwe kavu za mwembe au mvinje, kusi itavutia moshi kwenye hema la bao usipoangalia, jiko liwe kaskazini mwa watu. Kizuizi cha mabati upande wa upepo, la sivyo moto utalamba ubavu mmoja wa sufuria.

Kachumbari ikatwe watu wakinawa mikono. Ya asubuhi itakuwa maji matupu. Na pilau isibaki vuguvugu zaidi ya saa mbili baada ya kuondolewa makaa, wali wa hivyo hufungua matumbo. Ikibaki, gawa nyumba kwa nyumba mapema.

Sahani za karatasi za nini? Sinia za watu sita sita: 15 za wazima, 10 za watoto, 25. Azima mtaani, na kila sinia lipigwe nukta ya rangi ya kucha chini, rangi moja kwa nyumba moja, uandike daftarini. Mtaa hauvunjiki kwa siasa, wavunjika kwa sinia lisilorudi.

Kahawa lita 10, gramu 40 za unga kwa lita, tangawizi kavu ya kuponda. Hiyo yatosha watu 80 vikombe viwili viwili vya kahawani.

Nesi wa Zamu

Meza ya presha iwe kabla ya pilau na mbali na kahawa. Saa tatu hadi saa sita, meza tatu, dakika sita kwa mtu: hiyo ni watu 90, idadi yenu kamili. Wapimaji wawe na leseni na watoke kituo cha afya cha umma cha karibu, muandikie ofisi ya afya ya kaunti ndogo. Mwenye duka la unga wa tiba akitaka meza, mwambieni nafasi imejaa.

Mtu akae dakika tano kabla, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa nusu saa hiyo. Aliyetoka topeni mbio atasoma juu bure. Ikifika 140 kwa 90, pima tena baada ya dakika tano, na ikibaki aandikiwe karatasi ya kwenda kliniki, asiambiwe ana presha kwa kipimo cha siku moja. Ikifika 180 kwa 120 na ana maumivu ya kifua, kichwa kikali au ganzi, gari lianze safari sasa hivi. Mtu mnene ahitaji mkanda mpana. Mkanda mwembamba kwake hutoa namba ya uongo, juu kuliko kweli.

Sukari: waliofunga chakula na wasiofunga waandikwe tofauti. Kwa aliyekula, milimoli 11.1 kwa lita kwenda juu apelekwe kliniki. Kwa aliyefunga, 7.0. Vitobozi vya mara moja, vijiti 100, kisanduku cha njano cha vyenye ncha kirudi kituoni, kisichanganywe na gunia za ufuo. Na namba zisisomwe kwa sauti. Majirani hawana haja ya kuzijua.

Mwana wa Tudor

Nimeandika yote, kamati ikae kesho. Kwa ufupi: saa mbili hadi nne na nusu usafi kwa mizani, saa tatu hadi sita bao na presha, adhuhuri, saa saba na nusu pilau, saa tisa kukuna nazi, baada ya alasiri watoto: kati (ule mchezo wa kukwepa mpira), kuruka kamba, mbio za gunia, kisha kuvuta kamba watu wazima, kahawa, na spika zimezimwa kabla ya magharibi. Mikoko 100 ikiwa tu chama kitakubali.

Swali la mwisho. Kamba tumepata ya nailoni, ya bluu, mita 40, ya mashua. Bure.

Kete Sitini na Nne

Irudisheni kwa mwenyewe. Nailoni hunyumbuka, na ikikatika watu 16 wakiivuta hurudi kama manati, imewahi kukata watu vidole na hata mikono huko duniani. Nunueni ya katani au manila, unene wa milimita 30 au zaidi, mita 35, bila fundo wala kitanzi mwishoni. Tia kitambaa katikati na vingine mita 4 kila upande. Kitambaa cha upande wako kikivutwa hadi mstari wa kati umeshindwa. Watu wanane wanane, na mlingane kwa uzito, si kwa idadi: ile mizani ya gunia haitoshi, azimeni ya nesi. Marufuku kuzungusha kamba mkononi au kiunoni, na watazamaji wasidandie mkia.

Bi Sufuria

Na wavute kabla ya kahawa, si baada. Vikombe ni vyangu.